Wingi wa Spika Ndani ya Iafoni Usikutie Kiwewe

Ukipita Luthuli Avenue hapa Nairobi, utawaona vijana wamesimama mbele ya vioo vya maduka wakihesabu. Hawahesabu pesa, msomaji mpendwa, ingawa hizo nazo watazihesabu baadaye. Wanahesabu spika. Kisanduku kimoja cha iafoni kimeandikwa kwamba kila upande una spika 3. Cha pili kinajigamba kwa 5. Cha tatu, kilichowekwa juu kabisa ili kila mpita njia akione, kinatangaza kwamba jumla ni 10, na bei yake imepanda pamoja na hiyo hesabu. Kijana hutazama, humeza mate, kisha huanza kuwaza atamwambiaje mzazi wake.

Swali ambalo limenifikia mara nyingi siku hizi ni hili: je, iafoni yenye spika 5 kila upande ina sauti bora kuliko yenye spika 1? Jibu langu ni fupi. Si lazima. Idadi ya spika inakueleza jinsi kifaa kilivyoundwa, haikuelezi jinsi kinavyolia. Na kwa kuwa vifaa hivi vya bei ya kati vinaweza kumeza pesa ambazo zingemlipia mwanafunzi kodi ya chumba, ni vyema tuelewane kabla mtu hajafungua pochi.

Ninaposema bei ya kati, nina maana ya zile ambazo watengenezaji huziuza kwa dola 50 hadi 200 za Marekani. Kwa ubadilishanaji wa pesa wa mwaka 2025, ambapo dola 1 ilikuwa shilingi 129 hivi, hizo ni takriban shilingi 6,450 hadi 25,800. Hapo hujaongeza usafirishaji, ushuru, VAT ya asilimia 16 na faida ya mwenye duka, ambaye naye ana watoto wa kusomesha.

Kwanza tuelewe ni kitu gani hasa tunachouziwa. Iafoni nyingi za bei rahisi huning'inia mlangoni mwa sikio, na kelele za nje huingia zitakavyo. Hizi huingia ndani ya tundu la sikio na kuliziba, na waya wake aghalabu hupitishwa juu ya sikio ukashukia nyuma. Zilianzia jukwaani. Mwanamuziki akisimama kando ya ngoma na mbele ya spika kubwa, hasikii anachoimba wala anachopiga. Mwaka 1995, Jerry Harvey, aliyekuwa fundi wa sauti wa bendi ya Marekani ya Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen kifaa cha kuziba masikio na wakati huo huo kumletea muziki ndani. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Ndiyo maana hadi leo wauzaji huziita vifaa vya wanamuziki, hata mnunuzi mwenyewe akiwa anataka tu kusikiliza nyimbo ndani ya matatu.

Ndani ya ganda lake kuna spika za aina mbili hasa. Ya kwanza huandikwa DD kwenye kisanduku. Hii ni ndugu mdogo wa spika ya redio ya nyumbani: utando mwembamba umeshikamana na koili iliyo kwenye sumaku, umeme ukipita utando unapiga hewa mbele na nyuma. Upana wake mara nyingi ni milimita 10 hivi. Aina ya pili huandikwa BA. Hiyo ni kijisanduku cha chuma kidogo kuliko punje ya haragwe, na ndani yake mna ulimi mwembamba wa chuma uliosawazishwa katikati ya sumaku. Spika za BA hazikubuniwa kwa ajili ya muziki. Zilikuwa za vifaa vya kuwasaidia watu wasiosikia vizuri, na kampuni ya Knowles ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1946, ndiyo iliyojipatia jina kubwa katika kuzitengeneza.

DD husukuma hewa nyingi, kwa hiyo hutoa sauti nene yenye uzito unaousikia mpaka kifuani. BA ni nyepesi, huanza na kukoma upesi, kwa hivyo hupendwa kwa sauti za kati na zile nyembamba: sauti ya mwimbaji, nyuzi za gita, kayamba. Mtengenezaji hujiambia, mbona nisiweke DD 1 kwa sauti nene na BA 3 au 4 kwa zilizobaki? Wazo si baya hata kidogo.

Lakini hebu fikiria kwaya. Umewahi kuhudhuria tamasha la muziki la shule? Kwaya yenye waimbaji 60 inaweza kushindwa na yenye 25, na unajua sababu. Sauti ya nne inaingia ikiwa imechelewa, sauti ya kwanza inapiga kelele kuwashinda wote, na pale ambapo sauti ya pili na ya tatu zinakutana panakuwa na vurugu. Spika nyingi ndani ya ganda moja zina shida iyo hiyo. Lazima pawe na kitu cha kuzigawia kazi, kuiambia hii iimbe mpaka hapa na ile ipokee kuanzia pale. Mafundi hukiita krosova. Krosova ikiwa mbovu, au mirija inayoleta sauti kutoka kila spika ikiwa imepangwa ovyo, utasikia gita likisimama mbali na mwimbaji wake, au sauti ya mwanamke ikibadilika rangi anapopanda juu. Spika 1 haina ugomvi huo kwa sababu haina wa kugombana naye.

Hayo si maneno ya mkekani. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya vipimo vya hedifoni na iafoni 283 katika jarida la chama cha wanasayansi wa sauti cha Marekani. Hakupata uhusiano wowote kati ya bei ya kifaa na jinsi kinavyogawa sauti nene, za kati na nyembamba. Yaani kwa kutazama bei peke yake, huwezi kubashiri kama kitalia sawasawa.

Chukua mifano iliyoko sokoni. ER4 ya kampuni ya Etymotic, iliyotoka mwaka 1991, ina BA 1 tu kila upande, na kwa miaka mingi watu wa studio waliitumia kama kipimo cha kupimia nyingine. Salnotes Zero ya 7Hz ilitoka mwaka 2022 ikiwa na DD 1, kwa bei ya dola 20 hivi, na ina mlingano wa sauti ambao baadhi ya wakubwa zake hawana. KZ ZS10 Pro ina spika 5 kila upande na huuzwa karibu dola 50. Hiyo inakuza sauti nene na nyembamba, na mwimbaji anarudi nyuma kidogo. Hexa ya Truthear ina spika 4, moja pungufu, lakini huuzwa karibu dola 80, na sauti yake ni tulivu, haina majigambo. Unaona basi? Mwenye 4 anadai zaidi kuliko mwenye 5. Pesa ya ziada imeenda kwenye kuzipatanisha.

Kwa hivyo unapoingia dukani, acha kuhesabu, anza kujaribu. Na jambo la kwanza la kujaribu si spika bali kipande cha mpira kinachoingia sikioni. Ndani ya kisanduku kizuri utapata jozi 3 au zaidi za mipira, midogo, ya kati na mikubwa. Wengi hupachika ile ya kati na kusahau nyingine kisandukuni. Mpira usipoziba tundu vyema, sauti nene hutoroka yote, na kifaa cha shilingi 20,000 kitalia kama redio ya jirani iliyofungiwa kabatini. Vaa, kisha sema neno kwa sauti yako ya kawaida. Ukijisikia kama unazungumza ukiwa ndani ya mtungi, umeziba sawasawa. Usishangae ikiwa sikio la kulia linataka mpira mkubwa na la kushoto mdogo. Masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane. Kwa sababu za usafi, omba mipira mipya ya kujaribia au beba yako mwenyewe. Nta ya masikio ya wateja kumi waliotangulia si kitu cha kugawana.

Baada ya hapo, tumia simu yako na nyimbo zako. Wimbo wa muuzaji umechaguliwa kwa sababu unalia vizuri kwenye kila kitu. Tena kuna hila moja ambayo hata muuzaji mwaminifu huifanya bila kujua: akikupa ile ya bei ghali, huongeza sauti kidogo. Sikio la binadamu hupenda kilicho na sauti kubwa zaidi, hata kwa tofauti ndogo sana, na hukichukulia kuwa ndicho bora. Basi kila unapobadilisha iafoni, rekebisha kwanza mpaka zote zilie kwa nguvu sawa, tena nguvu ya wastani. Kifaa kizuri kinapendeza hata kikiwa chini.

Usikilize nini? Mimi huanza na mtu anayezungumza, mathalani taarifa ya habari. Sauti ya mtangazaji tunaijua sote, na ikitoka puani au kama mtu aliye ndani ya pipa, hakuna spika itakayoisahihisha. Isitoshe, sauti hiyo lazima ikae katikati kabisa ya kichwa. Ikiegemea upande mmoja hata baada ya kuvaa upya, pande mbili za kifaa hazilingani, na hilo ni kosa la kiwandani. Kisha nenda kwenye rumba ya Kikongo, pale sebene inapochacha. Magita yako 3 hapo, kila moja na kazi yake. Je, unaweza kulifuata moja tu tangu mwanzo hadi mwisho bila kulipoteza? Katika benga, sikiliza gita la besi linavyokimbia: kila noti iwe na mwanzo na mwisho, isiwe ngurumo moja inayofunika sauti ya mwimbaji. Taarabu itakuonyesha kama fidla ina utamu au inakwaruza. Halafu tega sikio kwa herufi S na SH katika uimbaji. Zikikuchoma kama sindano ndani ya dakika 5, fikiria safari ya saa nzima kutoka Rongai.

Chukua angalau dakika 20. Muuzaji akinuna, nenda duka la pili.

Sasa tuje kwenye uimara, ambako ndiko nimeona pesa nyingi za wanafunzi zikizama. Sehemu inayokufa kwanza karibu kila mara ni waya, tena karibu na pini au pale unapoingilia kwenye ganda. Kwa bei hii ya kati, usikubali iafoni ambayo waya wake hautoki. Zipo njia mbili zilizoenea. Moja ni pini 2 zenye unene wa milimita 0.78, na nyingine huitwa MMCX, ambayo hubonyezwa ikaingia kwa mlio mdogo na huweza kuzunguka. Mimi naipendelea ile ya pini 2, kwa kuwa MMCX ikilegea sauti huanza kukatika kila ukigeuza shingo. Muulize muuzaji kama ana waya wa akiba wa aina hiyo na ni pesa ngapi. Chomoa na uchomeke mbele yake mara moja. Ukiingia bila kushikilia, rudisha.

Pitisha ukucha kwenye mshono wa ganda. Ganda la utomvu mgumu au la chuma lote ni sawa, mradi pasiwe na mwanya wala gundi iliyovuja. Tazama mdomo wake, pale mpira unapokaa: lazima pawe na wavu mdogo wa kuzuia nta, na mfereji wa kuushika mpira usije ukabaki ndani ya sikio ukaitiwa daktari. Ukiona kitundu kidogo ubavuni mwa ganda usiseme imetoboka. Ni pumzi ya ile spika ya DD. Mwisho, vaa na ugonge waya kwa kidole. Zipo waya ambazo kila zikigusa kola ya shati zinapiga ngoma sikioni.

Kuhusu takwimu zilizoandikwa nyuma ya kisanduku, sitakuchosha. Ukiona wanadai sauti inafika hezi 40,000, kumbuka kwamba sikio changa la binadamu huishia karibu hezi 20,000, na la mtu mzima hupungua kadiri miaka inavyosonga. Hizo 20,000 za juu labda atazifaidi popo. Jambo la maana zaidi ni tundu la simu yako. Tangu Apple ilipoliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kampuni nyingi zimefuata, na simu nyingi sasa hazina pa kuchomeka pini ya milimita 3.5. Utahitaji kiunganishi kidogo cha USB-C. Hesabu bei yake kabla, na ukijaribu iafoni jaribu kwa kiunganishi hicho hicho, kwani baadhi ya zile za BA hubadilika sauti kulingana na kifaa kinachoziendesha, na nyingine hutoa mvumo wa "shhh" wimbo unaponyamaza.

Mama mmoja wa Umoja alinijia na swali zito kuliko haya yote. Kijana wake hupiga kinanda kanisani, kando kabisa ya ngoma, na hutoka ibadani masikio yakimlia "ngiii" mpaka usiku. Sasa anataka iafoni za spika 5. "Nimnunulie," akaniuliza, "ama ndizo zitamaliza hayo masikio?"

Mlio huo, msomaji, ni onyo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mtu anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 tu. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni 1 wa umri wa miaka 12 hadi 35 wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza kwa sauti kubwa. Na chembe za ndani ya sikio zikishakufa, hazioti tena.

Nilimweleza mama huyo kwamba iafoni inayoziba vizuri hupunguza kelele za nje kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo faida yake ya kweli ilipo. Anayeziba kelele za matatu hana haja ya kupandisha muziki ili azishinde. Lakini kwa kijana wake, kifaa hicho hakitafaa kitu kanisani ikiwa fundi wa mitambo hana njia ya kumletea sauti ya kinanda na ya waimbaji moja kwa moja. Ataziba masikio asisikie bendi, kisha azitoe. Aulize hilo kwanza. Kama njia hiyo haipo, vizibo vya sponji vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa vitamkinga kwa pesa kidogo sana, na mlio ukiendelea baada ya siku moja au mbili, ampeleke kwa daktari wa masikio. Hakufurahi sana, nadhani kwa sababu kijana alikuwa amesimama papo hapo akisikiliza.

Kama njia ipo, basi hiyo ya spika nyingi ina kazi ya kufanya, kwani mpiga kinanda anahitaji kutenganisha sauti yake na za wenzake. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi anayejifunza kurekodi. Kwa mwanafunzi anayetaka tu muziki njiani na mihadhara chumbani, ningemwambia anunue ya spika 1 iliyotengenezwa vizuri, na tofauti ya pesa aiweke kwenye waya wa akiba na vitabu. Na popote aendapo, atoe upande mmoja anapovuka barabara, maana masikio yaliyozibwa hayasikii honi ya bodaboda.

Ukishanunua, dai risiti yenye jina kamili la kifaa na muda wa dhamana. Siku moja, baada ya miezi michache, upande mmoja utalia kwa unyonge nawe utadhani spika imekufa. Kabla hujaenda kugombana na mwenye duka, toa mpira, utazame ule wavu wa mdomoni kwenye mwanga. Mara nyingi ni nta. Geuza mdomo utazame chini ili uchafu uanguke nje badala ya kuingia ndani, uusugue polepole kwa mswaki laini mkavu, usitie maji, kisha usikilize tena.